Kibodi za ofisini Karagwe na Kyerwa: Nani anabeba gharama ya mkono unaouma?

Na Mwandishi Wetu, Kayanga

YANAPOTAJWA masuala ya usalama kazini katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, mawazo ya wengi huenda moja kwa moja kwenye machimbo ya bati, mashine za kukoboa kahawa na pikipiki zinazopanda na kushuka milima kwa mwendo wa kasi. Ofisi haimo katika orodha hiyo. Anayefanya kazi kivulini, ameketi mbele ya kompyuta, huonekana mwenye bahati kuliko aliyeshika jembe.

Hata hivyo, kazi ya kuandika kwa kompyuta imeongezeka mno katika wilaya hizo mbili, na pamoja nayo limekuja swali ambalo halijapewa uzito unaostahili: mkono wa mtumishi anayebonyeza vitufe kutwa nzima unalindwaje, na ni nani anayemchagulia kibodi anayoitumia?

Mwaka 2012 Kyerwa ilitenganishwa na Karagwe na kuwa wilaya kamili. Sensa ya mwaka huo ilionyesha kila wilaya ikiwa na wakazi zaidi ya 320,000. Kugawanyika huko kulimaanisha ofisi mbili za mkurugenzi, idara mbili za fedha, idara mbili za elimu na idara mbili za afya, kila moja ikiwa na barua zake, taarifa zake na mihtasari yake ya vikao.

Wakati huohuo, Serikali imeendelea kuhamisha shughuli zake kutoka kwenye majalada kwenda kwenye mifumo ya kompyuta. Kumbukumbu za wagonjwa katika vituo vya tiba vya halmashauri huingizwa katika mfumo wa GoTHOMIS. Fedha za vituo vya afya na shule huandikwa katika mfumo wa FFARS. Tangu mwaka 2023, zabuni za umma hupitia mfumo wa NeST. Kila mfumo unaoingia unapunguza karatasi, lakini unaongeza idadi ya vitufe vinavyobonyezwa.

Wanaobeba mzigo huo si makatibu pekee. Wamo makarani wa mapokezi hospitalini, wahasibu, maofisa elimu, makarani wa vyama vya msingi vya ushirika wakati wa msimu wa kahawa, na vijana wa steshenari za Kayanga, Omurushaka na Nkwenda. Hawa wa mwisho huchapa mitihani ya shule, barua za maombi ya kazi na katiba za vikundi, na mara nyingi hulipwa kwa ukurasa. Kwao, mapumziko ya dakika kumi ni kurasa zilizopotea.

Kwa miaka mingi, matangazo ya halmashauri ya ajira za makatibu mahsusi yamemtaka mwombaji awe amefaulu mtihani wa uhazili hatua ya tatu, pamoja na hati mkato ya Kiswahili na Kiingereza kwa kasi ya maneno 100 kwa dakika moja. Kigezo hicho humpima mtu kwa kasi ya mikono yake. Hakisemi lolote kuhusu meza, kiti wala kibodi ambayo mikono hiyo itakabidhiwa siku ya kwanza kazini.

Maumivu yanavyoanza

Vidole havina nguvu vyenyewe. Huvutwa na kano ndefu zinazotoka kwenye misuli ya mkono chini ya kiwiko na kupita katika kifundo cha mkono. Upande wa kiganja, kano tisa na mshipa mmoja mkubwa wa fahamu hupita pamoja katika njia nyembamba iliyozungukwa na mifupa na ukano mgumu. Kifundo kikiwa kimenyooka, nafasi hutosha. Kikikunjwa kwenda juu, au kikipindishwa upande wa kidole cha mwisho, msukumo ndani ya njia hiyo huongezeka na kano husuguana zaidi.

Dalili hutofautiana kwa mahali. Ganzi ya gumba, kidole cha shahada na cha kati, hasa usiku, huashiria kubanwa kwa mshipa wa fahamu katika njia hiyo. Ganzi ya kidole cha mwisho hutokana na mshipa mwingine, ambao mara nyingi hubanwa kwenye kiwiko. Maumivu yanayopanda juu ya mkono bila ganzi aghalabu ni ya kano au misuli iliyochoka.

Ni makosa kuishutumu kibodi peke yake. Kisukari, upungufu wa homoni za tezi ya shingo na ujauzito vinaweza kuleta ganzi ya aina hiyohiyo. Aidha, katika wilaya za kilimo kama Karagwe na Kyerwa, mtumishi anayechapa Ijumaa anaweza kuwa shambani Jumamosi, akipalilia migomba au kuchuma kahawa kwa mikono ileile. Kwa sababu hiyo, anayepata ganzi isiyokoma anahitaji kupimwa na daktari, si kubadilishiwa kitufe tu.

Utafiti nao unataka tahadhari. Mwaka 2003, jarida la madaktari wa Marekani, JAMA, lilichapisha matokeo ya uchunguzi wa Denmark uliofuatilia maelfu ya watumiaji wa kompyuta kwa mwaka mmoja. Uchunguzi huo haukuona kwamba kutumia kibodi ni chanzo kikubwa cha kubanwa kwa mshipa wa kifundo. Hatari iliyoonekana ilihusu zaidi wanaotumia kipanya zaidi ya saa 20 kwa wiki. Hiyo haina maana kwamba maumivu ya wachapaji ni ya kubuni. Ina maana kwamba maumivu ya kano na misuli ni mengi kuliko ugonjwa huo mmoja unaotajwa sana, na kwamba kipanya, kiti na muda wa kazi vinapaswa kutazamwa pamoja na kibodi.

Wakongwe waliojifunza kazi kwa taipureta huuliza mbona enzi zao vitufe vilikuwa vigumu zaidi. Jibu limo katika mwendo wa kazi yenyewe. Taipureta ilimlazimisha mchapaji kusimamisha vidole: kurudisha kigari mwishoni mwa kila mstari, kubadili karatasi, kupanga kaboni, kufuta kosa na kungoja wino mweupe ukauke. Kompyuta imeondoa mapumziko hayo yote. Mtu anaweza kuandika kwa saa mbili bila mikono kutoka mahali pake.

Herufi zilipangwa kwa lugha gani?

Mpangilio wa herufi unaotumika Tanzania, unaoanza na Q, W, E, R, T na Y, ulitokana na mashine ya Mmarekani Christopher Latham Sholes, iliyoingizwa sokoni na kampuni ya Remington mwaka 1874. Mwaka 1936, mtaalamu wa elimu August Dvorak na shemeji yake, William Dealey, walipewa hataza ya mpangilio mwingine, wenye irabu zote katika safu ya katikati upande wa kushoto. Mwaka 2006 ulifuata mpangilio wa Colemak. Wafuasi wa mipangilio hiyo hudai kwamba hupunguza safari za vidole na hivyo kuokoa mikono.

Madai hayo yamepingwa. Jaribio la jeshi la majini la Marekani la mwaka 1944 lilimsifu Dvorak, lakini jaribio lililofanywa mwaka 1956 kwa ajili ya Serikali ya nchi hiyo halikuona faida ya kuwafundisha upya wachapaji. Mwaka 1990, wanauchumi Stan Liebowitz na Stephen Margolis walionyesha udhaifu wa ushahidi wa awali, ikiwa ni pamoja na Dvorak mwenyewe kuhusika katika majaribio yaliyompendelea.

Kwa mchapaji wa Kayanga au Nkwenda kuna hoja ya karibu zaidi. Mipangilio yote hiyo ilihesabiwa kwa Kiingereza, wakati yeye anaandika Kiswahili.

Herufi inayotumika kuliko zote katika Kiswahili ni A. Katika maneno “Halmashauri ya Wilaya ya Karagwe” mna herufi 28, na tisa kati ya hizo ni A. Ukiandika Kyerwa badala ya Karagwe, ni nane kati ya 27. Karibu theluthi moja ya jina la ofisi, linaloandikwa juu ya kila barua, huangukia kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, ambacho ni miongoni mwa vidole dhaifu.

Je, Dvorak anakipunguzia kidole hicho mzigo? Hapana. Katika mpangilio wake, A iko palepale. Colemak nao haukuihamisha. Zaidi ya hayo, Dvorak aliishusha K katika safu ya chini kwa sababu Waingereza na Wamarekani huitumia kidogo. Kwa Kiswahili, chenye “ku-” katika kila kitenzi kisichonyambuliwa kwa nafsi, herufi hizo mbili huangukia kidole kimoja cha shahada, ambacho lazima kiruke kutoka safu ya chini kwenda ya katikati. Ni kweli kwamba Kiswahili hufuatanisha konsonanti na irabu, hivyo mpangilio wenye irabu zote upande mmoja huwezesha mikono kupokezana vizuri. Faida hiyo ipo, lakini hailingani na majuma ya kujifunza upya, tena kwenye kompyuta ambayo mchana inatumiwa na mtu mwingine.

Mpangilio ambao mtumishi wa Kagera anapaswa kuuogopa si wa Sholes. Ni ule uliotengenezwa kwa Kifaransa, unaoanza na A, Z, E, R, T na Y. Ndio uliozoeleka Burundi na Kongo, na huingia Afrika Mashariki pia kupitia kompyuta za mitumba kutoka Ubelgiji na Ufaransa. Machoni unafanana sana na ule wa kawaida, na mnunuzi asiye makini hugundua tofauti akishafika nyumbani.

Kwa Kiswahili, mpangilio huo ni adhabu. A imepandishwa safu ya juu na W imeteremshwa safu ya chini, zote zikibaki juu ya kidole kilekile cha mwisho cha kushoto. Kila “wa”, “kwa”, “wananchi” na “walimu” inakitaka kidole hicho kiruke kutoka chini kabisa hadi juu kabisa. Na pale kidole hicho kinapopumzikia imewekwa Q, herufi isiyotumika kabisa katika Kiswahili. Kompyuta za Ujerumani zina kasoro ndogo zaidi: Y imebadilishana nafasi na Z na kwenda chini kushoto, hivyo “ya” na “wilaya” hukirejesha kidole kilekile kazini mara mbili mfululizo.

Programu ya kompyuta inaweza kuelekezwa isome vitufe hivyo kwa mpangilio wa kawaida, bila gharama yoyote. Tatizo ni kwamba alama zilizochapwa juu ya vitufe hubaki za zamani. Mchapaji aliyehitimu, asiyeangalia vitufe, hataona shida. Anayetafuta herufi kwa macho atachanganyikiwa, na dawa yake ni vibandiko vya herufi au kibodi nyingine ya nje.

Kibodi ipi ichaguliwe?

Kampuni za nje zimekuwa zikiuza kibodi za maumbo maalumu kwa zaidi ya miaka 30. Microsoft ilitoa kibodi yake iliyopasuliwa katikati mwaka 1994, ili mikono ikae wazi bila kupinda kifundo. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999, uliohusisha watu 80 waliokwisha kuwa na maumivu, uliona nafuu kwa waliotumia kibodi ya aina hiyo baada ya miezi sita. Kwa mtu mwenye maumivu ya kudumu na kazi ya kuandika kutwa, hiyo ni njia halali ya kujaribu. Lakini baadhi ya kibodi hizo huuzwa kwa zaidi ya dola 300 za Marekani, na hakuna halmashauri ya vijijini inayoweza kutarajiwa kumnunulia kila karani.

Uamuzi wenye manufaa kwa watu wengi ni wa bei ndogo zaidi: kutenganisha kibodi na kioo.

Katika mkoa ambao kwa miaka mingi umetegemea umeme unaonunuliwa Uganda, kompyuta ya mpakato imependwa kwa sababu ina betri, na umeme unapokatika kazi haisimami. Lakini kibodi yake imeunganishwa na kioo. Ikiwekwa chini ili mikono ikae vizuri, shingo inainama. Ikiinuliwa ili shingo inyooke, vifundo vinakunjika. Kibodi ya kawaida ya waya inamaliza mgogoro huo. Kompyuta huinuliwa juu ya boksi la karatasi hadi sehemu ya juu ya kioo ilingane na macho, na kibodi hubaki mezani mbele ya mchapaji.

Katika kuchagua, mambo machache yanatosha. Vitufe viwe vyepesi, visivyohitaji kugongwa. Kibodi iwe nyembamba, isiyokiinua kifundo. Vimiguu vya nyuma vikunjwe, kwani vikisimamishwa hukikunja kifundo kwenda juu. Asiyeingiza tarakimu nyingi achukue kibodi isiyo na safu ya namba upande wa kulia, ili kipanya kisogee karibu na mwili. Mhasibu, kinyume chake, anaihitaji safu hiyo, na anaweza kununua ya kujitegemea akaiweka upande wowote.

Kimo cha meza ni muhimu kuliko chapa ya kibodi. Kibodi inapaswa kuwa usawa wa kiwiko mabega yakiwa yamelegea. Meza nyingi za mbao zina kimo cha sentimita 75 hivi, ambacho kwa mtu mfupi aliyekalia kiti cha plastiki ni kirefu mno. Mto chini yake na ubao chini ya miguu ni marekebisho yasiyohitaji zabuni.

Jambo la mwisho ni muda. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na taasisi ya Cochrane mwaka 2018 yaliona ushahidi wa kubadilika-badilika kuhusu vifaa vya ofisini, lakini yalitaja mapumziko mafupi ya nyongeza miongoni mwa hatua zinazoweza kupunguza usumbufu wa mwili. Dakika chache kila baada ya nusu saa, za kusimama au kupanga majalada, hurudisha yale mapumziko yaliyoondoka na taipureta.

Sheria ipo, ununuzi umelala

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na wakala wa Serikali, OSHA, inamtaka mwajiri aweke mazingira yasiyohatarisha afya ya mfanyakazi. Haikuandikwa kwa ajili ya migodi na viwanda peke yake. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ilianzisha mfuko wa WCF, ulioanza kazi mwaka 2015, ambao waajiri wa sekta ya umma na binafsi Tanzania Bara huuchangia. Shirika la Kazi Duniani, ILO, katika orodha yake ya mwaka 2010 ya magonjwa yatokanayo na kazi, liliyataja magonjwa ya kano na ya mshipa wa kifundo cha mkono.

Fidia, hata hivyo, hutolewa pale ugonjwa unapothibitika kutokana na kazi. Mtumishi aliyenyamaza miaka mitano, akinunua dawa za maumivu dukani, hana karatasi ya kuonyesha. Ndiyo maana maumivu yanayorudi kila juma yanapaswa kuripotiwa kwa msimamizi kwa maandishi na kupimwa mapema, hata kama yanaonekana madogo.

Tatizo kubwa zaidi liko kwenye ununuzi. Ofisi inapoagiza kompyuta, nyaraka hutaja kasi ya mashine, ukubwa wa kumbukumbu na idadi. Mstari mmoja wa ziada ungetosha: kila kompyuta ya mpakato ije na kibodi na kipanya vya nje, na kibodi iwe ya mpangilio wa kawaida wa Kiingereza. Gharama ya vifaa hivyo ni sehemu ndogo sana ya bei ya kompyuta yenyewe. Gharama ya karani mzoefu anayeshindwa kushika kalamu ni kubwa, ingawa haionekani katika kitabu chochote cha hesabu.

Kwa vijana wa steshenari hali ni tete zaidi. Anayejiajiri hana mwajiri wa kumchangia WCF, na aliyeajiriwa kwa maneno ya mdomo anaweza asijulikane kabisa na mfuko huo. Mkono wake ndio mtaji wake. Kwake, kuikagua kompyuta ya mitumba kabla ya kulipa, kuangalia kama A iko chini ya Q au mahali pake, na kutenga fedha ya kibodi ya nje, ni kulinda duka.

Halmashauri za Karagwe na Kyerwa zinapopanga bajeti za vifaa vya ofisi, hazihitaji kusubiri mwongozo mpya kutoka Dodoma ili kuongeza mstari huo mmoja. Zinahitaji kumuuliza kwanza mtu ambaye kwa kawaida haulizwi kabla ya kompyuta kununuliwa: yule atakayeketi mbele yake na kuandika.